Miwa ya Papa Ange

Siku ile nilikuwa nangojea neno moja. Sufuria ilikuwa motoni tangu asubuhi, povu la kijani lilikuwa limekwisha na limebaki lile la njano, nami nilikuwa nimeinama juu yake na upawa wa matundu, mvuke ukinilowesha uso. Nyuma yangu Masumbuko, mume wangu, alikuwa amekaa kwenye kreti yake chini ya paa la bati, mgongo kwenye nguzo. Hapo ndipo alipokaa sikuzote. Asali ya miwa ikikaribia kuiva, mimi siondoi macho kwenye povu na yeye hasemi kitu. Kisha husema, "Sasa," tunashika mishikio, yeye huku na mimi huku, tunaishusha sufuria.

Siku ile neno halikuja. Niliona matone yamekuwa mazito kwenye upawa, nikasema bila kugeuka, "Papa Ange, bado?" Hakujibu. Nikadhani ananichezea, maana alipenda kuninyamazia hivyo, kisha aseme nina haraka kama mtu anayekimbilia treni. Niliposikia harufu ya kuungua ndipo nilipogeuka. Alikuwa amekaa vilevile, kofia imeshuka machoni, mkono mmoja umelala wazi juu ya goti.

Watu wa ambulansi walikuja haraka. Walifanya kazi yao pale chini, kwenye makapi ya miwa, kisha mmoja wao, dada mwenye nywele nyekundu, alipiga magoti mbele yangu akanishika mikono yote miwili. Moyo, walituambia baadaye. Hakuna aliyekumbuka sufuria. Iliendelea kuungua mpaka moto ukafa wenyewe.

Ulikuwa mwisho wa Aprili, na ile ilikuwa sufuria ya kwanza ya msimu. Miwa mingine yote ilikuwa bado imesimama.

Shamba letu liko nyuma ya Bringelly, si mbali kwa gari kutoka nyumbani kwetu Campbelltown. Tunalikodi kwa mzee wa Kimalta aliyechoka kulima kabichi. Si kubwa, ukisimama langoni unaliona lote, na ng'ambo ya uzio unaona malori ya uwanja mpya wa ndege yakipita na vumbi lake. Masumbuko alizaliwa bonde la Ruzizi, upande wa Uvira, ambako baba yake alilima miwa ya kuuzia kiwanda, na iliyobaki akaikamua na kuipika nyumbani. Hapa Sydney alifanya kazi miaka mingi kwenye ghala, akipanga maboksi. Kila alipopita Bankstown alisimama kwenye duka la mama mmoja wa Kivietinamu anayekamua maji ya miwa. Alikunywa, kisha akarudi nyumbani akilalamika.

"Miwa imepanda lori kutoka huko kaskazini," aliniambia. "Imechoka. Unaikamua, inakupa maji kama mtu anayekupa salamu kwa kulazimishwa."

Akatafuta shamba. Watu wa kanisani walimcheka. Miwa, Sydney, kwenye baridi hii? Rafiki yangu Léonie, ambaye hakuna neno linalomkaa mdomoni, alimwambia mbele ya mchungaji, "Papa Ange, ukimaliza miwa utupandie na samaki." Mwaka uliofuata Léonie alikuwa wa kwanza kuleta chupa tupu.

Nataka niiandike kazi yenyewe, kwa sababu naona imeanza kunitoka. Asubuhi tunangoja umande ukauke. Tunakata miwa chini kabisa, karibu na udongo, maana utamu mwingi umekaa chini. Tunakwangua majani, tunaondoa kilele. Muwa uliokatwa leo unakamuliwa leo, ukilala, umeharibika. Mashine yetu ina magurudumu matatu ya chuma na mota iliyotoka kwenye mashine ya kufulia, na ina kelele za kumwamsha marehemu, kama tulivyokuwa tukisema zamani. Maji yanachujwa kwa kitambaa, yanamwagwa kwenye sufuria pana isiyo na kina, juu ya jiko la matofali. Moto wake ni makapi yaleyale ya miwa, yaliyokaushwa, pamoja na kuni kidogo. Kwanza moto mdogo, povu chafu lipande lote, ulitoe. Unatia maji ya jivu kiasi cha kikombe, povu linapanda tena, unatoa tena. Kisha moto mkubwa. Ndoo kumi za maji zinakupa ndoo moja ya asali, ukiwa na bahati. Kazi ya kutoa povu ilikuwa yangu. Kazi ya kusema "sasa" ilikuwa yake.

Nilikuwa nikimwita mfalme wa kreti. "Mimi napikwa na mvuke," nilimwambia, "na mfalme amekaa." Alijibu, "Mfalme anafikiri."

Binti yetu Ange anafanya kazi kwenye nyumba ya wazee. Mwaka juzi alipeleka chupa moja kazini, na mzee mmoja aliyezaliwa Kanada aliionja, kisha akamweleza kwamba baba yake alipika kitu kama hicho, maji ya mti waliyoyakusanya msituni theluji ikianza kuyeyuka. Wanatoboa mti, wanatundika ndoo, wanachemsha siku nzima. Ange alitusimulia mezani. Léonie alikuwepo.

"Wanakamua mti?" aliuliza. "Mti mzimamzima, umesimama?"

"Kama ng'ombe," Masumbuko alisema.

"Basi nyinyi mko nafuu. Mnaua kwanza."

Masumbuko alicheka mpaka akaweka kijiko chini. Jumapili iliyofuata alimpelekea yule mzee chupa nyingine, yeye mwenyewe.

Tulimzika mwanzoni mwa Mei. Kaka yake mkubwa, Siméon, alikuja kutoka Melbourne akitembea kwa shida, maana goti lake lilikuwa linangoja kupasuliwa. Kwetu, mtu akifa, mkubwa wa familia ndiye anayeweka matanga na ndiye anayeyaondoa. Katikati hapo, kazi ya marehemu inasimama. Panga lake halikati, jembe lake halichimbi, alichopanda kinamngoja. Anayekimbilia kuvuna kabla ya matanga kuondolewa, watu humwona kama mtu aliyekuwa akisubiri nafasi ile. Siméon alisimama kaburini, akashika bega langu, akasema kwa sauti ya kusikika na wote, "Shamba ya Masumbuko isiguswe mpaka nirudi. Nikipona goti, mwezi wa nane, nitakuja kuondoa matanga. Nimesema."

Watu wakaitikia. Nami nikaitikia, tena kwa moyo wote. Sikutaka kugusa kitu. Panga lake lilibaki kwenye msumari wake ndani ya kibanda. Kreti ilibaki pale kwenye nguzo. Sufuria niliigeuza juu chini kando ya jiko, na lile tabaka jeusi lililoungua siku ile likiwa ndani. Nilikuwa nikienda mara kwa mara kufungua lango, kutazama, na kufunga. Miwa ilikuwa mirefu kuliko miaka yote. Nilijiambia itangoja, kama ilivyokuwa ikingoja kwao Ruzizi.

Lakini kwao hakuna barafu.

Mwishoni mwa Juni kulikuja asubuhi ambayo kioo cha gari langu kilikuwa cheupe na majani ya uani yalivunjika chini ya viatu. Bringelly ni baridi kuliko Campbelltown. Nilikwenda. Umande ulikuwa umeganda kwenye kila jani la miwa, shamba zima linameta, na lilikuwa zuri kwa kweli. Jua lilipopanda, weupe ukaondoka. Siku chache baadaye yale majani yalikuwa rangi ya karatasi ya kufungia mandazi.

Nilijua maana yake. Mwaka wetu wa pili baridi ilitupiga hivyo, tukadhani ni majani tu, tukachelewa, tukapoteza shamba zima. Kilele kinakufa kwanza. Kisha uchachu unaanza juu na kushuka ndani ya muwa, pingili kwa pingili, mpaka chini. Kabla haujafika chini unaweza kukata, ukatupa sehemu ya juu, ukaokoa iliyobaki. Una wiki mbili, labda pungufu. Na hii ilikuwa miwa ya mwisho aliyoilea Masumbuko mwenyewe. Hakukuwa na mingine.

Ange alikuja Jumapili baada ya shifti, bado amevaa sare, mtoto wao amemwachia mumewe. Huwa anasikia Kiswahili chote lakini anajibu kwa Kiingereza, naandika alichomaanisha.

"Mama, kata tu. Papa mwenyewe angekata."

"Papa mwenyewe ndiye aliyekufa, Ange. Ndiyo maana hatukati."

"Kwa hiyo tunaiacha ioze kwa heshima?"

Léonie, aliyekuwa ameketi jikoni kwangu anamenya viazi vitamu bila kuombwa, alisema, "Mpigie simu yule mwenye goti. Yeye ndiye aliyefunga, afungue."

Nilimpigia. Televisheni ilikuwa ikisikika nyuma yake. Mimi humwita yaya, yaani kaka mkubwa, kama Masumbuko alivyomwita.

"Jambo, yaya. Goti linaendeleaje?"

"Goti iko. Wameshapasua. Sasa goti ndiyo baba wa hii nyumba, linasema tuketi, tunaketi. Wewe unalala, Mama Ange? Unakula?"

"Ninakula. Yaya, baridi imepiga miwa."

"Baridi inapiga miwa namna gani? Baridi inapiga watu."

Nikamweleza, majani, kilele, uchachu unaoshuka. Alisikiliza.

"Miwa inangojaka," alisema. "Kwetu miwa ilingojea vita mpaka ikaisha. Tulirudi, tukaikuta."

"Kwetu hakuna barafu, yaya. Hapa ikifika mwezi wa nane itakuwa siki."

Nilimsikia anamwambia mkewe apunguze sauti ya televisheni.

"Nilisema mbele ya watu," alisema. "Mama Ange, unanielewa? Neno nimelitoa penye kaburi, nilirudishe kwa telefone? Watu watasema Siméon ameondoa matanga ya mdogo wake amelala kwa kiti, mguu juu ya mto, anatazama mpira."

"Sikuombi uondoe matanga. Nakuuliza tu nifanye nini, kwa sababu miwa ni ya mdogo wako, na mimi peke yangu sijui."

Kisha akauliza kwa sauti nyingine, kama mtu anayeuliza bei, "Ile miwa ilipandwa na nani?"

"Na Masumbuko."

"Hapana, ngoja. Ninauliza nani alilaza mbegu ndani ya udongo."

Hapo nikaona anakokwenda. Mbegu ya muwa ni kipande cha muwa wenyewe, chenye macho. Masumbuko alichimba mifereji kwa jembe, akitangulia, na mimi nikamfuata nyuma, nikilaza vipande kimoja kimoja, macho yakitazama pembeni, nikifukia kwa miguu. Ndivyo tulivyofanya kila tulipopanda, kwa sababu mgongo wangu haupendi jembe na magoti yake hayakupenda kuchuchumaa.

"Mimi nililaza," nikasema. "Yeye alichimba."

"Na kufukia?"

"Mimi."

"Basi aliyepanda ni wewe. Marehemu alichimba mashimo. Mimi nilikataza shamba ya marehemu. Mashimo yake, mtu asiguse hata moja."

"Mashimo niliyafukia mwenyewe, yaya."

Siméon akacheka. Alicheka kama Masumbuko, kwa pua kwanza. Mimi pia nikacheka, na Léonie jikoni akaacha kisu akanitazama, maana hakuwa amenisikia nikicheka tangu Aprili. Kisha Siméon akakohoa.

"Yote?" akauliza. "Ulilaza yote wewe?"

"Isipokuwa mstari wa langoni. Ule aliupanda peke yake. Ilikuwa siku Ange anajifungua, mimi nilikuwa hospitali."

"Ule uache."

"Mstari utakufa, yaya."

"Uache ufe. Huo ni wake. Ukiwa umekufa nitakuja kuukata mimi. Mingine ni yako, kata kesho. Na mtu akikuuliza, mwambie anipigie mimi, niko nyumbani, siendi mahali."

Tulianza kesho yake. Déo, mume wa Léonie, alikuja na panga lake, na wanaume wengine wa kanisa wakaja kadiri shifti zao zilivyowaruhusu, wengine wakitoka ghala moja kwa moja na viatu vya kazi, vile vyenye chuma mbele. Wale waliouliza, niliwaambia wampigie Siméon. Wawili walimpigia, na nadhani alifurahi.

Tuliupita mstari wa langoni bila kuugusa. Mingine yote tuliikata chini, kisha Léonie akashika zamu ya kuonja: anakata kipande juu, anatafuna, anatema, anashuka pingili moja, anatafuna, anatema, akifika penye utamu anasema "hapa," na Déo anakata hapo. Kwa kweli nusu ya kila muwa tuliitupa. Jioni Léonie alisema meno yake yote yanauma na hataki kuonja kitu tena mpaka mbinguni.

Sufuria ilibaki kazi yangu. Ange alitaka tununue nyingine Bankstown, kuna maduka ya vyombo vya hoteli, alisema, tungeipata siku ileile. Nilikataa. Nilimwaga ndani maji ya jivu, nikawasha moto mdogo, nikaacha yachemke huku wengine wakikata. Lile tabaka lilikuwa nene kama soli ya kiatu. Lilianza kubanduka pembeni, nikalisukuma kwa mwiko, nikasugua kwa mchanga, nikasukuma tena, mpaka likatoka vipande vikubwa. Kimoja nilikitia mdomoni, sijui kwa nini. Kilikuwa kichungu tu. Nilikitema, nikaendelea kusugua, na kufikia saa nane sufuria ilikuwa nyeupe, isipokuwa doa moja katikati ambalo limekataa kutoka mpaka leo.

Sufuria ya kwanza niliiharibu. Nilisimama mahali pangu pa sikuzote, nikatoa povu langu kama sikuzote. Miwa iliyopigwa na baridi ina povu jingi, nilitia maji ya jivu mara mbili, nikapambana nalo mpaka likawa njano. Kisha matone yakawa mazito, nami nikaendelea kutoa povu. Nilijua kabisa hakuna mtu nyuma yangu. Hata hivyo nilingoja.

"Mama?" Ange akasema. "Mama. Inavuta moshi."

Tulipoishusha ilikuwa nyeusi. Léonie alichovya kijiko, akakiinua, akakitazama kinavyokataa kudondoka.

"Mama Ange, hii si asali. Hii ni ya kumwaga barabarani, waje na ile mashine ya kushindilia."

"Imwage basi."

"Nimwage? Nipe. Nitakaangia karanga." Na akaibeba yote.

Ange alileta kipimajoto cha jikoni na kunionyesha kwenye simu digrii zinazotakiwa. Tulikijaribu siku ya pili. Povu lilikifunika, mvuke ukafuta namba, kisha kikaanguka ndani. Tulikitoa kwa koleo, na kikawa kinasema sufuria ni baridi kuliko friji. Ile ya pili tuliishusha mapema kwa hofu, ikawa maji maji, tukairudisha motoni. Haikuwa mbaya, lakini haikuwa ya Masumbuko.

Siku ya tatu mkono wangu wa kulia ulikataa kunyanyuka. Ange alinipokonya upawa akasimama mahali pangu. Sikuwa na pa kwenda. Nikakaa kwenye kreti.

Sikuwahi kukaa pale hata mara moja. Ukiwa kwenye sufuria unasikia moto, unasikia makapi yanavyopasuka, na mashine, na malori ya barabarani. Nilipoegemea nguzo, bati la juu na bati la nyuma yangu vilikuwa vinakusanya sauti ya sufuria na kuileta sikioni, kama mtu aliyeweka viganja nyuma ya masikio. Mwanzo ilikuwa sauti ya mvua ya kawaida. Nikafumba macho. Ikaendelea hivyo muda mrefu, Ange akilalamika kwamba nywele zake zinalowa. Kisha mvua ikapungua, na matone yakawa makubwa, yamekaa mbalimbali, kila moja likipasuka peke yake. Halafu ikawa kama mtu anatembea kwenye matope, taratibu, anainua mguu, anaweka mguu.

Nikakumbuka jinsi Masumbuko alivyokuwa akishusha kofia machoni wakati huo, na mimi nikadhani anasinzia.

"Sasa," nikasema.

Ange alishtuka akanigeukia. Sijui aliona nini usoni mwangu. Aliweka upawa chini, akashika mshikio wa upande wake, mimi nikainuka nikashika wa kwangu kwa mkono mzima, Déo akakimbia kutusaidia, tukaishusha.

Ilikuwa na rangi ya chai ya rangi iliyokolea, na ilidondoka kwenye kijiko kwa uzi mmoja usiokatika. Tuliionja kwa viazi vitamu vya Léonie. Nyuma ya utamu kulikuwa na uchachu kidogo, mdogo sana, kama wa chungwa. Baridi ilikuwa imeacha alama yake. Kisha Léonie akachovya mara ya pili, na Léonie akichovya mara ya pili umejua jibu.

Kuanzia hapo ikawa kazi ya kila siku mpaka miwa ikaisha. Asubuhi kukata, mchana kukamua, alasiri kupika, Ange kwenye povu siku asizokuwa kazini na Léonie siku nyingine, mimi kwenye kreti. Sufuria nyingine nilichelewa kidogo, nyingine niliwahi. Tulijaza chupa tukazipanga kibandani chini ya panga lake.

Siméon alikuja mwezi wa nane kama alivyosema, na fimbo. Mstari wa langoni ulikuwa umesimama vilevile, mkavu, wa kahawia, majani yakisuguana kwa upepo. Alisimama mbele yake akiwa bado na koti la safari.

"Ulisema utakufa," akaniambia.

"Nilisema, yaya."

"Nilifikiri unazidisha."

Niliingia kibandani nikamletea panga la Masumbuko. Watu wa kanisa walisimama nyuma yetu. Mchungaji aliomba, si kwa muda mrefu, maana kulikuwa na upepo. Kisha Siméon akampa mkewe fimbo, akainama kwa shida, akakata muwa wa kwanza karibu na udongo. Harufu ya uchachu ikapanda, kama pombe ya ndizi iliyosahauliwa. Alikata mstari wote yeye mwenyewe, akipumzika kila baada ya mashina kadhaa, na Déo alipotaka kumsaidia alimkemea. Miwa hiyo haikufaa kupikwa. Tuliilaza kando ya jiko, na kwa sababu ilikuwa mikavu, ndiyo tuliyowashia moto wa chakula cha siku ile. Nilivua kitambaa cheusi nilichokuwa nimevaa tangu mazishi, tukanawa mikono, na matanga yakawa yameondolewa.

Tulipokula nilimwekea Siméon asali kwenye sahani. Alichovya muhogo, akatafuna akitazama mezani.

"Iko na uchachu," alisema.

"Ndiyo."

"Ya Masumbuko haikukuwa na uchachu."

"Ya Masumbuko haikupigwa na baridi."

Akatafuna tena. "Ni nzuri," akasema. Kisha, baada ya muda, "Ni yako hii." Akavuta sahani karibu.

Alilirudisha panga mwenyewe kwenye msumari. Kabla ya kuondoka aliniambia nisiliache lipate kutu, ni la kazi, na mwakani kila mtu akate mapema, matanga au bila matanga, akasema neno hilo ametoa yeye na amelitoa mbele ya watu.

Muwa ukikatwa chini, shina linaota tena. Sasa ni Oktoba na machipukizi yamefika magotini, na ule mstari wa langoni nao umeota, umechelewa kidogo kuliko mingine. Jumamosi Ange na mimi tunapalilia, kuanzia langoni.